Ng'ombe wa Baba na Betri ya Sola

Ulyankulu, 8 Septemba 2024

Kaka Sylvester,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Magreth na watoto. Sisi huku tunaendelea. Wanangu wamerudi shule, mbuzi mweupe amezaa mapacha, na kwaya ya parokia bado inagombania rangi ya sare, kwa hiyo ujue hakuna kilichobadilika.

Usishangae kuletewa barua na kondakta wa basi kana kwamba simu bado hazijafika Ulyankulu. Simu ya nyumbani ikiita, Baba anataka niiweke spika, asikie kila neno. Haya ninayotaka kukwambia sitaki ayasikie.

Ulipomtoa hospitali ya Kitete ukamleta hapa na ile mashine ya oksijeni tuliyoazimwa na masista, alianza vizuri. Akishawekewa mpira puani analala, anakula, anawasema wachezaji wa mpira kwenye redio kama zamani. Lakini mashine inataka umeme, na umeme wa huku unaujua. Ukikatika namkalisha, namwekea mito mgongoni, nafungua mlango na madirisha, halafu tunangoja. Midomo inabadilika rangi, Kaka. Moshi wote wa mabani aliyokaushia tumbaku tangu ujana wake uko ndani ya kifua kile.

Nimemwita Shomari, yule fundi wa Tabora anayefunga sola mashuleni. Ameiangalia mashine, akasema zile sola ndogo za taa na kuchajia simu zisitudanganye. Mashine hii inakula umeme kama friji mbili, tena hailali. Panatakiwa paneli kubwa, inveta, na betri ya lithiamu inayoweza kuibeba mpaka asubuhi. Nikamuuliza bei. Aliponitajia nilivuta kigoda nikakaa. Hapa nyumbani hakuna kitu cha kufikia bei hiyo isipokuwa wale ng'ombe wawili wa Baba.

Nilipomgusia Baba habari ya kuwauza, alisema tu, "Muulize kaka yako." Tangu lini Baba akaomba ruhusa ya mtu kwa ng'ombe wake? Basi ndiyo nakuuliza. Tuuze? Nijibu upesi, mvua zikianza umeme utakuwa wa kubahatisha kabisa.

Mdogo wako,
Marsiana Nijimbere


Chemchem, Tabora, 6 Oktoba 2024

Mdogo wangu Marsiana,

Marahaba. Nashukuru kwa barua, na hongera kwa mbuzi. Sisi hatujambo. Kuchelewa kwangu ni kazi tu, kuna shule imeagiza vitanda na mimi ndiye seremala wa karibu. Magreth anakusalimu sana. Siku hizi ananigombeza kwa sababu ya mbao za mninga nilizoziegemeza kwenye ukuta wa sebule, anasema nimemfanyia nyumba kuwa karakana. Nimemwambia ni za mteja, avumilie.

Kuhusu hiyo sola, nimeuliza watu hapa mjini. Wako wanaoisifu. Lakini jirani yangu alinunua betri, wakamwambia itadumu miaka, na mvua za pili hazikuikuta. Ikiharibika huko kwenu nani ataitengeneza? Masika mawingu yakikaa juu ya nyumba siku nzima, paneli itachota nini? Umeme wa nguzo nao unaboreshwa. Mtu anaweza kumaliza mali yake kwenye betri, halafu mwakani umeme ukatulia akabaki anaitazama.

Mimi naona Baba aje kwangu. Chumba cha mbele kipo, na kutoka hapa mpaka Kitete si mbali. Hapa umeme ukikatika haukawii kurudi. Mashine mtaipakia kwenye basi, mimi nitawapokea.

Ng'ombe wasiguswe. Nakuomba hilo, na usiniulize sababu.

Wasalimie watoto. Mwambie Baba shikamoo.

Kaka yako,
Sylvester Manirambona


Ulyankulu, 17 Novemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Hatujambo, watoto wanasoma, mvua zimeanza. Zilianza kwa upepo, na huo upepo ndio habari yenyewe.

Ulipokataa ng'ombe niliuza maharage yangu. Nikanunua paneli iliyotumika na betri ya namna ya gari, nikampata kijana wa sokoni akaifunga juu ya bati. Najua, Shomari alinionya. Nilijua haitaibeba mashine usiku, lakini nilisema hata ikimpumzisha Baba kwa muda mfupi, si haba. Tuliitumia wiki ya kwanza. Halafu ule upepo ukaja, ukainua bati zima na paneli yangu juu yake, vikaenda kuangukia shamba la jirani. Kioo tuliokota vipande kwenye mabua ya mahindi.

Nilipanda mwenyewe kuangalia kenchi. Wewe ni seremala, utanielewa. Kila bati la nyumba hii lina misumari minne, mmoja kila pembe, basi. Nikadhani fundi aliyeezeka alituibia misumari. Nikamuuliza Baba, akasema aliezeka mwenyewe, na alifanya hivyo makusudi. Siku wakituambia wakimbizi tuondoke, bati linang'oka upesi linapakiwa. Kaka, nimelala chini ya bati hilo tangu nizaliwe na sikujua.

Sasa natazama nyumba yote kwa jicho jingine. Ule mzigo wake nyuma ya mlango unaukumbuka, sufuria, blanketi, jembe lisilo na mpini na kopo la mbegu za maharage. Kila mavuno bado anaimwaga mbegu ya zamani na kutia mpya. Uraia tumepewa, wajukuu wake wanaimba wimbo wa taifa kila asubuhi, naye bado anabadilisha mbegu. Nilimwambia tufunge mabati vizuri, tupige misumari ya kutosha, akasema niache kama yalivyo.

Habari ya kuja Chemchem nimemfikishia. Amesema, "Mimi nimehamishwa vya kutosha." Hakuna wa kumtoa hapo.

Na wewe, tangu umlete kutoka Kitete hujakanyaga hapa. Basi linatoka Tabora asubuhi, chakula cha mchana unakula kwetu. Vitanda vya shule gani hivyo visivyoisha? Niambie ng'ombe wale ni wa nini. Baba anakosa hewa na wao wanakula majani.

Marsiana


Chemchem, 15 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Nakusalimu, na watoto pia. Pole kwa paneli, pole kwa maharage yako. Magreth amekutumia sukari na sabuni kwa kondakta, upokee kabla ya Krismasi.

Barua hii nimeianza mara nyingi. Nitakwambia, kwa sababu nimechoka kuwa mbaya machoni pako.

Siku ile pale Kitete alipozidiwa, alikutuma uji. Haikuwa njaa. Ulipotoka alinishika mkono akasema, "Usiniache huku, Sylvester. Nirudishe kwetu." Alikuwa na maana ya Burundi, kilima cha kwao kule Bururi, alikotoka mimi nikiwa mgongoni kwa Mama. Akaniapisha. Ng'ombe wawili ni wa safari hiyo, kukodi gari na kulipia kila kitakacholipiwa njiani. Sanduku la kumzikia nilitengeneze mimi kwa mkono wangu. Ndizo hizo mbao za mninga zinazomkera Magreth. Mteja ni Baba.

Akasema, "Marsiana asijue." Unajua kwa nini. Kwa sababu ya Mama.

Nilimuuliza mbona baada ya miaka yote hii. Akanikumbusha ile barabara ya magharibi yenye miembe mikongwe, walikopita wapagazi wa zamani. Akasema Wanyamwezi walibebeshwa mizigo mpaka pwani, na waliosalimika walirudi kwao. Yeye ameletwa kwa njia hiyohiyo, na ni yeye tu ambaye hajarudi. Alikuwa analia, Marsiana. Sijawahi kumwona Baba akilia, hata tulipomzika Mama.

Sasa niambie wewe. Nikiuza ng'ombe ninunue betri, nitakuwa nimevunja kiapo cha baba yangu akiwa hai ili aendelee kuwa hai. Na siku ikifika nitambeba na nini? Hiyo betri inatununulia nini hasa? Mwaka? Miezi? Ingekuwa ya kumponya ningeuza hata randa yangu. Lakini Shomari hauzi mapafu.

Nimeapa. Sijui kiapo hufunguliwaje.

Sylvester


Ulyankulu, 29 Desemba 2024

Kaka Sylvester,

Sukari na sabuni tumepokea, mwambie wifi ahsante. Watoto wako salama.

Siku ya Krismasi umeme ulikatika tukiwa kwenye misa, ukarudi jioni. Yaliyokuwa katikati sitakuandikia. Baba yupo.

Kumbe nilitumwa uji. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemgeuza, ninayemsikiliza akihema mpaka na mimi nahema naye, halafu ninatumwa uji ili wanaume wagawane maneno. Na Mama je? Mama yetu Bernadeta amelala hapa nyuma ya nyumba. Kila Jumamosi Baba anapalilia kaburi lake kwa mikono, hata sasa anakaa chini kwenye mkeka anang'oa jani mojamoja. Mlipanga kumpandisha kwenye gari mkamwacha Mama peke yake Ulyankulu, mke aliyemfuata mpaka huku na mtoto mgongoni. Umenikasirisha kiasi ambacho sijui nikuandikieje.

Unauliza betri inanunua nini. Inanunua Baba kula bila kutua kijiko kila tonge. Sikuambiwa inanunua miaka, na sikuomba miaka.

Nimemsomea barua yako. Yote, mpaka pale pa uji. Alisikiliza, akageukia ukuta. Mpaka leo nikiingia ananipa mgongo.

Marsiana


Chemchem, 12 Januari 2025

Marsiana,

Nawasalimu wote.

Hukufanya vizuri. Nilikuandikia wewe, sikumwandikia yeye. Aliniamini kwa neno moja na sasa anajua kwamba nimelitoa nje. Nimekaa na barua yako kwenye mfuko wa aproni wiki nzima, kila nikipiga randa naisikia.

Lakini hujakosea kuhusu Mama.

Umeniuliza kwa nini siji. Vitanda vya shule viliisha zamani. Siji kwa sababu nikimwona anavyohema nitauza ng'ombe siku hiyohiyo, nitauza na nyumba, na kiapo chake kitakuwa si kitu. Naogopa. Sasa umelijua na hilo.

Ng'ombe ni wa Baba na kiapo ni cha Baba. Akitamka mwenyewe kwa kinywa chake, uza, usisubiri barua yangu. Asipotamka, mimi siwezi, hata ukinichukia. Muulize unavyojua wewe.

Sylvester


Ulyankulu, 23 Februari 2025

Kaka Sylvester,

Shikamoo. Hatujambo sote, na ninapoandika sote namhesabu Baba. Mahindi yamebeba. Wale mapacha wa mbuzi, mmoja ni jike. Nimekaa kimya siku nyingi makusudi, nilitaka niandike kitu kimoja kilichokamilika badala ya kukutia presha nusunusu.

Sikumuuliza. Nilimwacha na ukuta wake. Kisha siku moja, nikimlisha, akaniambia nimsomee tena ile barua, pale tu unapouliza betri inanunua nini. Nikasoma. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema kumbe una akili, swali zuri, aitwe Shomari aje alijibu.

Shomari alikuja, Baba akamhoji kama hakimu. Betri inakaa muda gani. Mawingu yakikaa siku mbili je. Umeme wa nguzo ukiwepo unaweza kuijaza. Shomari akajibu bila kuficha, akasema iko siku nayo itachoka, kila betri huchoka, na masika tutaitegemea kidogo nguzo kuijaza. Mimi nikadhani hapo ndipo Baba atakapokataa. Akasema, "Ikifa kabla yangu, mtanunua nyingine. Nikifa kabla yake, mtabaki na taa." Akaagiza aitwe mnunuzi wa ng'ombe.

Alikuja Kashindye, yule wa Bukene. Baba aliuza mwenyewe akiwa kitandani, mpira puani. Kashindye ni mtu mgumu, unamfahamu, lakini nani atabishana bei na mzee anayevuta pumzi kati ya kila neno? Naamini Baba alikuwa anahema zaidi ya ilivyohitajika. Ng'ombe wakaondoka, na sikuthubutu kumtazama usoni wakati wanapita dirishani.

Walipotoka aliniita. Akasema nikuandikie kwamba amekufungua, huna kiapo tena. Nikamuuliza kwa nini sasa, nilikuwa bado na hasira. Akasema, "Pale hospitali niliogopa, nilikuwa namtaka mama yangu. Hapa nyumbani namtaka mama yenu." Ndivyo alivyosema, sijaongeza wala kupunguza. Nilitoka nje nikalie jikoni.

Mafundi walipofika, Shomari alitikisa bati moja kwa kiganja tu, akasema paneli zake haziwezi kukaa juu ya nyumba ile. Akaamua kuzisimamisha uani, kwenye nguzo za chuma na zege. Akazunguka kutafuta jua. Unaujua uwanja wetu, miti ya watu imetuzunguka. Mahali penye jua kuanzia asubuhi mpaka jioni ni pale nyuma, kando ya kaburi la Mama. Akachomeka kijiti hapo, vijana wakaanza kuchimba.

Baba aliwaona kutoka dirishani. Akavua mpira, akashika fimbo, akaniegemea, tukatoka. Hatua chache zile zilituchukua muda mrefu kuliko safari ya Tabora. Akawaambia wasogeze. Shomari akamweleza kwa heshima, mzee wangu, jua la hapa hulipati pengine. Baba akasema, "Najua. Hapo ni pangu."

Vijana wakaacha kuchimba. Shomari ni mtu muungwana. Aling'oa kijiti, akarudishia udongo kwa mguu, akaenda kukichomeka zizini. Zizi liko tupu sasa na lina jua la kutosha, asubuhi tu ndiyo lina kivuli kidogo. Paneli zimesimama pale walipokuwa wakilala ng'ombe wa Baba.

Siku hiyo sikuwa na mboga ya kuwapikia mafundi. Baba akaniambia nichukue lile kopo nyuma ya mlango. Nikamwambia ile ni mbegu. Akasema anajua ni nini, aliitia mwenyewe. Nimeyapika maharage hayo, Kaka. Yaliiva vibaya, mbegu ni kavu mno, lakini Shomari aliomba aongezwe, na Baba alikula kijiko kimoja akasema hayana chumvi.

Mashine inafanya kazi. Juzi umeme ulikatika tangu asubuhi na mimi nikajua mchana, jirani alipokuja kuomba kuchaji simu. Baba alikuwa amelala mdomo wazi, mpira puani, anakoroma. Nilisimama mlangoni nikamsikiliza. Sijui itakuwa mpaka lini, na najua hata wewe hujui.

Jambo moja limebaki. Betri iko sakafuni, na Shomari ameonya kwamba sakafu yetu ya udongo itaipa unyevu, itafutiwe meza imara. Nikasema nitaagiza sokoni. Baba akakataa. Amesema vitanda vya shule vimekwisha, kwa hiyo uje wewe, na basi la Jumamosi lina nafasi. Nimenukuu maneno yake hapa chini kama alivyonipa, nimwandikie mwanawe.

"Mwambie Sylvester alete zile mbao za mninga. Atengeneze meza ya betri, isiwe ndefu. Zitakazobaki aziweke pakavu."

Tunakungoja,
Marsiana